Timu dhaifu isikimbizane na timu kali



Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme machache juu ya mchezo ambao wengi huuona wa kitoto. Ni mchezo wa intaneti uitwao Hoops Dynasty, ambamo mtu hupewa chuo kimoja cha Marekani akawa kocha wa timu yake ya mpira wa kikapu. Yeye mwenyewe hagusi mpira. Husajili vijana, hupanga mazoezi, huchagua mbinu, kisha kompyuta huchezesha mechi na kumletea matokeo. Baadhi ya makocha wa timu nyingine ni watu kama yeye, nao hawana huruma.

Nilianzia daraja la tatu, na timu niliyopewa ilikuwa hoi. Mimi, kwa kupenda mbio, nikachagua kushambulia kwa kasi na kuwabana wapinzani uwanja mzima. Nilidhani bidii itafidia upungufu. Loo! Kufika kipindi cha pili vijana wangu walikuwa hawana pumzi, wawili wameshatolewa kwa faulo tano, na benchi halina mtu wa maana. Tulifungwa mechi baada ya mechi, na kila tulipofungwa niliongeza kasi.

Ndugu mmoja ninayecheza naye ndiye aliyeniuliza: "Wewe ni dhaifu, kwa nini unampa mwenye nguvu nafasi nyingi za kukupiga?" Sikumwelewa mpaka nilipokaa na kalamu. Tuseme watu wawili wanashindana, na aliye bora hushinda raundi 60 katika kila 100. Wakicheza raundi moja tu, mnyonge ana nafasi 40 kati ya 100. Wakicheza tatu, mshindi awe wa raundi mbili, nafasi yake inashuka hadi 35. Wakicheza tisa, inabaki kama 27. Kadiri mchezo unavyorefuka, ndivyo ubora unavyojitokeza na bahati inavyokwisha. Katika kikapu, kila zamu ya kushambulia ni raundi. Anayekimbia anaongeza raundi.

Wamarekani wenyewe waliliona jambo hili zamani. Katika fainali ya vyuo ya mwaka 1985 Villanova waliifunga Georgetown, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa pointi 66 kwa 64. Walitupa mpira mara 28 tu mchezo mzima, ukaingia mara 22. Katika mashindano yale hapakuwa na saa ya kumlazimisha mtu arushe mpira upesi. Saa ya sekunde 45 ililetwa msimu uliofuata. Lakini hata baada ya saa kuwekwa, mwaka 1996 Princeton waliwatoa UCLA, mabingwa wa mwaka uliotangulia, kwa 43 kwa 41. Sikatai kwamba wapo waliofika mbali kwa mbio. Loyola Marymount msimu wa 1989-90 walifunga wastani wa pointi 122 kwa mechi. Lakini wale walikuwa na vijana waliozoezwa mbio hizo, siyo kikosi changu cha kuazima pumzi.

Basi nikabadili. Kasi nikaishusha, nikaacha kubana uwanja mzima, nikakaba kwa eneo ili vijana wasichoke wala kujaza faulo. Kasoro yake niliiona: mtu akikaba eneo hana mpinzani wake wa kumzuia mpira unaporudi kutoka kwenye ubao, na tulinyang'anywa mipira mingi. Nikajifunza pia ile namba ya ulinzi, kutoka -5 ya kujazana chini ya kikapu hadi +5 ya kuwafuata warushaji wa mbali. Tena nikaacha kutazama jumla ya pointi. Timu iliyofunga 90 kwa zamu 80 imeshambulia vibaya kuliko iliyofunga 66 kwa zamu 55. Piga hesabu uone.

Msimu ule hatukutwaa ubingwa, ila timu tatu zilizotuzidi kila kitu zilituacha zikishika vichwa.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye, nalo ndilo lililonifanya niandike. Nilisajili vizuri. Nikampata kijana mrefu sana, nikawa namfananisha na Hasheem Thabeet wetu alipokuwa chuo cha Connecticut kati ya 2006 na 2009. Ukiwa na mtu kama huyo chini ya kikapu, walinzi wako wanaweza kwenda kuwakaba warushaji mbali kabisa, maana anayewapita atamkuta yeye. Tukawa timu kali. Lakini nikaendelea kuchezesha polepole, kwa sababu ndiyo iliyoniokoa. Kwenye mashindano ya mwisho tukakutana na timu nyonge kuliko zote, tukaipunguzia raundi sisi wenyewe, ikatufunga kwa pointi mbili. Nilikuwa nimeshakuwa mwenye nguvu bila kujitambua.

Ndugu yangu yule sasa anasema mbinu ya polepole ni ya waoga na niitupe kabisa. Hapo amekosea. Msimu ujao kijana wangu mrefu anamaliza masomo pamoja na wenzake wawili, na nafasi zao nitawaweka vijana wa mwaka wa kwanza. Kasi nimeshaanza kuishusha.

Mpenzi wa Kikapu,
Tanga