Siku 14 bila bukari

Ndugu zangu wa mine, na ninyi mama wa nyumba munaotupikia, leo siandiki juu ya mishahara wala juu ya kontra. Ninaandika juu ya tumbo langu. Na ninaanza kwa kuungama: nilidanganya munganga, na uongo ule ulikula feza ya watu.

Mimi ni shoferi wa lori kubwa za kubeba mawe ya shaba, upande wa Kolwezi, na ni delege wa sindika. Urefu wangu ni metre 1,70. Siku nilipopanda kwenye mizani ya lopitali, ilionyesha kilo 148. Waganga wanachukua kilo, wanagawanya kwa urefu mara urefu. Kwangu hesabu ilitoa 51. Kuanzia 30 wanasema unene umekuwa ugonjwa. Kuanzia 40, ao 35 kama uko na ugonjwa mwingine sawa sukari, wanaweza kukuambia habari ya kupasuliwa. Mimi nilikuwa na sukari, nilikuwa na tansio, na usiku nilikoroma mpaka mama ya watoto akahamia chumba cha watoto.

Kwetu unene hauonekani kuwa ugonjwa. Wazee wetu wa Union Minière, na kiisha wa Gécamines, walipata posho ya bunga, na mufuko wa bunga nyumbani ulikuwa alama ya kazi. Mutu mwenye tumbo alikuwa mutu anayelipwa. Mawazo yale tumebaki nayo. Lakini baba yangu alienda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mimi bisi inanichukua mulangoni, ninakaa saa 12 kwenye kiti, na ku posti ya usiku ninapigana na usingizi kwa mikate ya mafuta na soda.

Munganga alinieleza operasio yenyewe. Wanapitisha kamera na vyombo katika matundu madogo ya tumbo. Wanakata mufuko wa chakula, wanatoa zaidi ya robo tatu, inabaki kama bomba nyembamba. Patron alisema mambo yale ni urembo. Sisi tukamuonyesha Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002, inayomutaka atunze mufanyakazi mugonjwa, na kupasuliwa kumo ndani. Tulibishana miezi mingi. Mwisho alikubali kulipa nusu. Nusu ingine makamarade walichanga, kila mutu kidogo siku ya mushahara, ili niende kupasuliwa Afrika ya Kusini.

Mbele ya kusafiri, munganga alinipa karatasi: siku 14 za chakula kidogo. Hakuna bukari, hakuna mukate, muchele, viazi, mihogo wala ndizi. Hakuna mafuta, hakuna sukari, hakuna bia. Chakula cha siku nzima kalori 800 mpaka 1.000. Ili muelewe: gramu 200 za bunga ya mahindi, kabla ya kupika, ni karibu kalori 700. Chupa kubwa ya bia ni karibu 300. Kijiko kikubwa cha mafuta ya mawese ni karibu 120. Bukari moja ya mufanyakazi na sombe yake ilikuwa imekwisha kumaliza siku yangu yote.

Mimi nilizani wanataka nipungue kidogo, njo wajue kama niko mutu wa kujikaza. Sikusikiliza vizuri. Nilitii siku tatu. Siku ya ine kichwa kiliuma, miguu ikawa mizito, na usiku nikaingia jikoni kula bukari baridi iliyobaki kwenye sufuria. Kesho yake vilevile. Siku ya tisa tulienda kutoa mahari ya mutoto wa ndugu yangu. Mukwe mumoja akasema mbele ya watu wote: "Delege, juu ya nini unakatala bukari yetu? Unaogopa sumu?" Watu wakacheka. Nilinawa mikono nikakula, na sikukula kidogo.

Kule Afrika ya Kusini walinipima: kilo 147. Munganga mupasuaji akanitazama, akauliza kama nimefuata karatasi. Nikasema ndiyo. Akauliza mara ya pili. Nikasema ndiyo.

Nilipoamka, nilikuwa na vidonda vidogo kwenye tumbo, na mufuko wangu wa chakula ulikuwa uleule. Waliingiza kamera, wakaona ini kubwa, lenye mafuta, limefunika pahali pa kukata. Walijaribu kuliinua, wakaogopa litapasuka na damu kutoka. Wakafunga.

Siku ile njo nilielewa karatasi. Sehemu ya kushoto ya ini inalala juu ya mufuko wa chakula. Mupasuaji lazima ailinue ili afike chini yake. Kwa mutu munene ini linajaa mafuta, linakuwa kubwa na laini, rahisi kupasuka. Tena ini ni gala: linaweka akiba ya sukari ya chakula pamoja na maji. Ukikata bunga na sukari, ini linatumia akiba yake, maji yanatoka, mafuta yanapungua. Katika wiki mbili linanywea na njia inafunguka. Siku zile 14 ni mwanzo wa operasio yenyewe, na kazi ile hakuna munganga anayeweza kuifanya pahali pako. Wewe unayezoea mine utaelewa: huwezi kuchimba shaba kama haujaondoa udongo wa juu.

Kurudi Kolwezi kulikuwa kugumu kuliko njaa. Ningeweza kusema waganga walishindwa, na watu wangeniamini. Lakini delege anayedanganya watu wake, siku ingine atawatetea kwa kinywa gani? Niliitisha mukutano, nikasema yote, hata ile sufuria ya usiku. Watu walinyamaza. Muzee mumoja wa atelie akasimama: "Delege, nyumbani kwangu tulikula bila samaki mwezi muzima juu yako. Wewe wiki mbili bila bukari imekushinda?" Akaketi. Mpaka leo sijapata jibu.

Sikuwaomba tena hata franka. Niliuzisha moto yangu na kipande cha kiwanja, na baada ya miezi nane nikaanza upya. Safari hii nilijipanga sawa tunavyojipanga kwa mugomo: usianze mbele ya kuzungumza na watu wote.

Kwanza, nilimupeleka mama ya watoto kwa munganga, asikie kwa masikio yake. Mutu anayepika njo mwenye chakula mikononi. Alipoelewa habari ya ini, hakunihurumia tena na sahani ya pembeni. Jioni alipika bukari ya watoto tu, na iliyobaki aliipeleka kwa jirani mbele ya kulala.

Pili, dawa. Hapa musikilize vizuri sana. Mimi ninakunywa vidonge vya sukari. Mutu wa sukari akikata chakula na kuendelea na vidonge vilevile, ao na sindano ileile, sukari inaweza kushuka ghafula: jasho baridi, mikono kutetemeka, macho giza, hata kuanguka. Munganga alipunguza vidonge vyangu mbele ya siku ya kwanza, akanitaka nipime sukari asubuhi na jioni. Musijipunguzie wenyewe, na musianze chakula hiki bila munganga eti ndugu fulani alifanya hivyo.

Tatu, kazi. Shoferi mwenye kizunguzungu juu ya lori la mine anaweza kuua watu. Niliomba karatasi ya munganga, wakanitoa kwenye lori siku zote 14 na kuniweka posti ya muchana ku biro. Madelege, muombe hii kwa ajili ya watu wenu. Ni usalama wa wote, si upendeleo.

Ine, sahani yenyewe. Kila mugonjwa na karatasi yake. Yangu ilikuwa hivi. Asubuhi yai la kuchemsha na kikombe cha maziwa yasiyo na mafuta. Muchana kipande cha samaki ukubwa wa kiganja, cha kuchemsha na nyanya na kitunguu, na lenga-lenga bila mafuta, hiyo nyingi. Saa kumi yogati bila sukari. Jioni kuku bila ngozi na kabichi, ao supu. Maji litre mbili kila siku. Sombe niliiacha, maana kwetu sombe bila mawese na karanga hakuna anayeipika. Maji na mboga vilisaidia tumbo pia, juu chakula kidogo kinafunga choo.

Tano, maneno ya kusema kwa watu. Wiki ya pili kulikuwa na kilio kwa jirani. Mara ya kwanza nilikuwa ninaficha, njo nilishindwa. Mara hii nilifika nikasema mapema, kwa sauti: "Mama zangu, munganga amenikataza mpaka siku ya operasio. Munipatie maji." Mama mumoja aliniletea maji na kiti. Hakuna aliyecheka.

Siwadanganye tena: siku ya pili mpaka ya tano ni mbaya. Kichwa kinauma, moyo unakasirika bure, harufu ya bukari inakufuata barabarani. Nililala mapema, nilitembea jioni na mutoto wangu mukubwa, na kila siku iliyokwisha alifuta tarehe kwenye kalendari. Kutoka siku ya sita njaa ilipoa. Siku ya 14 mizani ilionyesha nimepungua kilo saba. Mupasuaji aliuliza lile swali lake. Nikasema ndiyo. Hakuuliza mara ya pili.

Leo ni mwaka moja. Niko na kilo 103. Vidonge vya sukari munganga amevikata, vya tansio vimebaki kimoja. Ninakula kidogo kidogo na kutafuna sana, na vitamini nitakunywa maisha yangu yote. Nikirudia mikate na soda ya usiku, kilo zitarudi pia, hakuna kisu kinachozuia hiyo.

Nimewaandikia juu tayari wandugu wawili wa mine yetu wamepata karatasi ileile. Mumoja aliniuliza kwa siri kama kidogo tu ya bukari siku ya Mungu inaweza kuharibu. Nilimuonyesha vidonda vyangu vya mara ya kwanza. Kiisha nikamwambia: leo jioni nitakuja kwako, lakini ninakuja kuzungumza na mama.