Gari Limebadilika, Mfanyakazi Je?



Kila siku tunaona magari: lori la majani ya chai, trekta la shambani, basi la mjini. Inafaa tujue yametoka wapi, kwa sababu historia ya gari ni historia ya kazi.

Mwaka 1886 Karl Benz wa Ujerumani aliandikisha gari lake la petroli, lenye magurudumu matatu. Wakati ule mafundi wachache waliunda magari moja moja, na wanunuzi walikuwa matajiri.

Mwaka 1908 Henry Ford wa Marekani alianza kuuza gari la Model T. Mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, gari likaanza kuvutwa mbele ya wafanyakazi waliopangwa mstari. Huyu alitia nati, yule aliikaza, basi. Kazi ya saa 12 na nusu ikawa ya saa moja na nusu. Bei ikashuka kutoka dola 850 hadi dola 260 mwaka 1925, na watu wa kawaida wakanunua.

Lakini fundi aligeuzwa kuwa mkono tu. Watu walichoka, wakaacha kazi kwa wingi. Ndipo mwaka 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8. Hata hivyo, wakaguzi wa kampuni waliingia mpaka nyumbani kwa mfanyakazi kuona kama maisha yake yanawapendeza. Anachotoa tajiri kwa hiari yake, aweza kukichukua tena.

Tarehe 30 Desemba 1936 wafanyakazi wa General Motors mjini Flint waliketi ndani ya kiwanda, wakakataa kutoka. Lalamiko lao kubwa lilikuwa kukimbizwa na mashine kupita nguvu za binadamu. Walikaa siku 44. Februari 1937 kampuni ikakitambua chama chao. Ford alikubali chama mwaka 1941.

Mwaka 1959 kampuni ya Volvo ya Sweden ilileta mkanda wa usalama wa begani na kiunoni, ikaruhusu wengine wautumie. Lakini mpaka leo wengi wetu tunapelekwa shambani tumesimama nyuma ya lori, bila kiti wala mkanda.

Sasa yamekuja magari ya umeme. Hayana kabureta wala oili ya injini, na fundi wa zamani atahitaji mafunzo mapya. Kobalti ya betri zake nyingi inachimbwa na ndugu zetu wa Kongo.

Ndugu, mhandisi hubadilisha mashine. Mwendo wa kazi, usalama na mafunzo hubadilishwa na mapatano. Basi kila tawi liulize mapema: mashine mpya ikija, nani atafundishwa? Nani atapanga mwendo wake? Na lori la wafanyakazi litatiwa viti lini? Majibu yaandikwe katika mkataba.

Umoja ni nguvu.