Mtoto hana homa, lakini anaweza kuambukiza

Dar es Salaam. Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, aliyetangazwa Machi 16, 2020 na Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alipimwa joto Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro akionekana hana homa. Aliruhusiwa kwenda hotelini, na baadaye ndipo alipoanza kujisikia vibaya.

Tukio hilo lina somo kwa mzazi. Mwenye Uviko-19 anaweza kuambukiza siku mbili kabla ya dalili kuanza, na wapo wanaoambukiza bila kuumwa kabisa. Ukisubiri mtoto akohoe ndipo umtenge na bibi yake, huenda umechelewa.

Mmoja huambukiza wangapi?

Virusi vilipoanza, mgonjwa mmoja aliambukiza kwa wastani watu wawili hadi watatu. Kwa surua, pasipo chanjo, ni 12 hadi 18. Wawili wanaonekana wachache, lakini nao wakiambukiza wawili wawili, mzunguko wa tano unaleta wagonjwa wapya 32. Aina ya Omicron, iliyogunduliwa mwishoni mwa 2021, husambaa kwa kasi zaidi.

Hata hivyo, wagonjwa hawaambukizi sawa. Wengi hawamwambukizi yeyote, wachache huambukiza kundi kubwa, mara nyingi ndani ya chumba kilichofungwa chenye watu wengi.

Hewa ndiyo njia kuu

Mtu akipumua, akizungumza au akiimba hutoa chembechembe ndogo zenye virusi. Nje, upepo huzitawanya. Ndani, huelea na kujaa kama moshi wa jiko la mkaa. Kwa hiyo daladala ya Mbagala iliyofungwa madirisha kwa sababu ya mvua ni hatari kuliko kibaraza chenye watu wale wale. Kunawa mikono kunasaidia, lakini hakusafishi hewa.

Ufanye nini nyumbani?

Familia nyingi za Tandale au Tandika hulala chumba kimoja, na kumtenga mgonjwa ni vigumu. Yapo yanayowezekana:

- Fungua dirisha na mlango vinavyotazamana, hewa ipite. Kama tatizo ni mbu, weka wavu dirishani.
- Anayeumwa alale karibu na dirisha, mbali na wazee.
- Mwenye mafua avae barakoa anapomhudumia mzee. Mtoto wa chini ya miaka miwili asivalishwe.
- Mama anayeumwa aendelee kunyonyesha, akiwa amevaa barakoa.

Watoto wengi huugua kidogo na kupona. Anayezidiwa mara nyingi ni babu, bibi au mwenye kisukari na shinikizo la damu.

Mtoto akipumua haraka, mbavu zikibonyea ndani au akishindwa kunyonya, usisubiri asubuhi. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu.