Je, Uhandisi Unaweza Kusomwa kwa Kompyuta?





Mwaka jana, baada ya swala ya Ijumaa, mzazi mmoja alinishika mkono tukiwa bado tunatafuta viatu vyetu mlangoni, akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu pale pale. Kijana wake alikuwa amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, na alikuwa amepata nafasi ya kusoma uhandisi wa umeme katika chuo kimoja cha mbali nasi. "Ustadh," akasema, "nasikia siku hizi hata uhandisi unasomwa kwenye kompyuta, mtu yuko kwake. Sasa mimi niuze ng'ombe wawili wa nini? Si bora ninunue hiyo kompyuta, kijana akae hapa hapa Msanzi, asome huku ananisaidia kulima?"

Nilimwomba muda. Nilijua kwamba hasemi upuuzi, na nilijua pia kwamba nikimjibu vibaya ama ng'ombe watapotea bure ama kijana atapotea bure. Makala hii ni jibu nililompa, nimelipanua kidogo kwa faida ya wazazi wengine na ya vijana wetu wanaopenda kufungua redio kuona ndani kuna nini.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Elimu kwa njia ya mtandao si kitu kimoja. Iko ile nyepesi, ambapo mhadhiri anaweka maelezo ya somo, mazoezi na majaribio mahali pamoja kwenye intaneti, na mwanafunzi anaingia kwa namba yake ya siri, anasoma, anajibu, anauliza. Kazi hiyo hufanywa na programu maalumu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na programu za kulipia leseni, kama WebCT na Blackboard, kisha kikahamia Moodle, ambayo ilitolewa mwaka 2002 na haina ada ya leseni. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Benki ya Dunia ilikuwa imeanzisha Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, ambacho baadaye makao yake yalikuwa Nairobi, na masomo yake ya mwanzo yalirushwa kwa setilaiti. Na tangu mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilipotangaza kwamba kitaweka maelezo ya masomo yake hadharani bila malipo, mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kusoma somo la nguvu za vyuma au la saketi kama linavyofundishwa kule.

Kwa somo la historia au la sheria, hayo yanaweza kutosha kwa sehemu kubwa. Kwa uhandisi hayatoshi, na hapa ndipo penye ugumu wenyewe.

Sisi watu wa Ufipa tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Babu zetu walikuwa wahandisi wa chuma. Mpaka leo katika nyanda hizi yako mabaki ya malungu, yaani tanuri ndefu za udongo zilizopita kimo cha mtu, ambazo ziliyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto, kwa upepo unaojivuta wenyewe kupitia matundu ya chini. Kilichotoka humo kilipelekwa kwenye tanuri ndogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika kukisafisha kabla ya kufuliwa jembe. Fundi alijuaje kwamba moto umefika? Kwa rangi yake na kwa kuwa alishasimama mbele ya ilungu mara nyingi akiwa kijana, akibeba makaa. Maarifa ya namna hiyo hukaa mkononi na machoni, na ni vigumu kuyaweka kwenye karatasi.

Hata hivyo tusizidishe. Neno letu "mhandisi" limetoka katika Kiarabu, na katika historia ya Waislamu yuko mhandisi mmoja aliyejaribu kufundisha kwa mbali kabla ya umeme. Al-Jazari, aliyefanya kazi katika nchi ambayo sasa ni kusini mashariki mwa Uturuki, alimaliza mwaka 1206 kitabu chake cha mashine: pampu za kuinua maji, saa za maji, na mitambo mingine, kila moja kwa michoro na hatua za kuiunda. Mwaka 1976, miaka 770 baadaye, mafundi walitumia maelezo yake kuunda upya saa yake moja mjini London. Basi hiyo ni elimu ya mbali iliyofaulu. Lakini angalieni: waliofaulu kuiunda walikuwa tayari wanajua kushika tupa na kupima.

Kwa sababu hiyo Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kilijengwa pamoja na karakana na maabara, na wanafunzi walipelekwa viwandani na kwenye miradi kufanya kazi kwa mikono. Kitivo hicho kiliunganishwa na taasisi ya ubunifu wa uzalishaji mwaka 2001 kikawa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Tatizo lililokuja baadaye si la kwetu peke yetu: wanafunzi waliongezeka haraka kuliko vifaa. Kifaa kimoja cha kupimia kikizungukwa na wanafunzi wengi, wawili wanagusa, wengine wanatazama, na wa nyuma kabisa wananakili majibu.

Ndipo likaja wazo la maabara ya mbali. Mwaka 1998 profesa mmoja wa MIT, Jesús del Alamo, aliunganisha kifaa cha kupimia transista na intaneti ili wanafunzi wake wakitumie wakiwa vyumbani mwao. Katikati ya miaka ya 2000, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York, mradi huo ulifika Afrika katika vyuo vitatu: Makerere cha Uganda, Obafemi Awolowo cha Nigeria, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyuo hivi havikuishia kutumia mashine za Marekani, bali vilianza kuunda majaribio yao vyenyewe, vikitumia ubao wa National Instruments wenye vipimo vingi ndani yake.

Inafanyaje kazi? Fikirini mashine ya kusaga mahindi. Unafika na debe lako, unaliweka kwenye foleni, unaeleza kama unataka sembe au dona, unaondoka. Mashine ni moja, watu ni wengi, na kila mmoja atapata unga wake. Maabara ya mbali ya aina ya kwanza iko hivyo hivyo. Mwanafunzi anaandika kwenye kompyuta yake: nataka dayodi ya silikoni, nianze na volti 0, nipande kidogo kidogo hadi volti 0.8, na kila hatua nipimie mkondo wa umeme unaopita. Maombi yanakwenda kwenye seva, yanasubiri zamu, kifaa cha kweli kilichoko kwenye chumba cha kweli kinapima, na majibu yanarudi kama orodha ya namba. Mwanafunzi anachora grafu na kuona kwa macho yake kwamba mkondo ni mdogo mno usioonekana, kisha volti zikikaribia 0.6 au 0.7 unapanda ghafla. Kipimo hicho ni cha kweli, hakikubuniwa na programu. Kama dayodi ni mbovu, grafu itakuwa mbovu.

Uzuri wa aina hii ni kwamba namba zina uzito mdogo sana, hupita hata kwenye intaneti ya kusuasua, na kifaa hufanya kazi usiku kucha watu wakiwa wamelala. Aina ya pili ni ya moja kwa moja: mwanafunzi anapangiwa saa yake, anazungusha kitufe kwenye skrini na kuona mshale wa kipimo ukisogea papo hapo. Hiyo inataka mtandao wa haraka, na ndiyo iliyowatesa wengi.

Ilitesa kwa sababu iliyo wazi kwa mwenye kujua hesabu kidogo. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano yetu ya intaneti na nje yalitegemea setilaiti, nayo inakaa takriban km 36,000 juu ya ikweta. Ishara ipande na kushuka ni km 72,000, na jibu lirudi kwa njia hiyo hiyo ni km 72,000 nyingine. Mwanga wenyewe husafiri km 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo karibu nusu sekunde inapotea hewani kila unapobonyeza, hata uwe na fedha kiasi gani. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa na kufika Dar es Salaam, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, na serikali ikatandaza Mkongo wa Taifa kuelekea mikoani. Sisi wa Rukwa kwa miaka mingi tulipata umeme kutoka Zambia, na kila mtu hapa anajua maana ya mshumaa. Maabara ya mbali haina faida umeme ukikatika upande wowote kati ya pande mbili.

Kuna kitu kingine ambacho watu hukichanganya na hiki, nacho ni maabara ya kuiga. Humo hakuna kifaa cha kweli, kuna programu inayokokotoa tu. Programu za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado, zilizoanza mwaka 2002, ni za namna hiyo, hazilipiwi, na zinaweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta na kutumiwa bila intaneti kabisa. Kwa mwanafunzi wa sekondari zetu ambaye hajawahi kugusa amita, mimi naona hizi ni neema. Anaunganisha betri, waya na balbu kwenye skrini, akikosea hakuna kitu cha kweli kinachoungua, na hakuna mtu anayedaiwa fidia. Hasara yake ni kwamba waya wa kwenye skrini haulegei. Ile saa nzima ambayo mwanafunzi wa uhandisi huipoteza akitafuta kwa nini saketi haifanyi kazi, kumbe kiungo cha risasi hakikushika, programu haimpi. Na saa hiyo ndiyo uhandisi.

Chukueni pia zege. Mwanafunzi anaweza kutazama kwenye video mche wa zege wa mm 150 kila upande ukivunjwa kwa mashine baada ya siku 28, akaandika nguvu yake, akafaulu mtihani. Lakini siku akisimama kwenye daraja la kijiji na fundi amezidisha maji kwenye mchanganyiko, ni jicho lililozoea ndilo litakalomwambia asimamishe kazi. Asiposimamisha, daraja hilo litapitwa na watoto wetu wakienda shule wakati wa masika.

Mwezi Machi 2020 vyuo vikuu vyote nchini vilifungwa kwa ajili ya korona, vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni. Miezi hiyo ilionyesha mengi. Mihadhara ingeweza kuendelea pale ambapo mwanafunzi ana kompyuta na bando, lakini karakana haikuwa na mbadala, na waliokuwa vijijini waliachwa nyuma na waliokuwa mijini. Tangu hapo vyuo vingi vimeelekea kwenye njia ya mchanganyiko: nadharia kwa mtandao, mikono kwa ana kwa ana.

Wanafunzi wa madrasa hawahitaji maelezo marefu juu ya hilo. Nyote mmesikiliza kaseti na simu zenye visomo vya maqari wakubwa, na zimewasaidia. Lakini ni nani aliyesahihishiwa makhraj ya herufi dhwad na kaseti? Kaseti haikusikii.

Kwa hiyo nilimjibu yule mzazi hivi. Kompyuta ni ya lazima, na wala si badala ya chuo. Shahada ya uhandisi inayosemwa kupatikana yote kwenye simu, uliza kwanza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama inaitambua kabla hujatoa hata shilingi moja, maana watu wameliwa fedha. Tena shahada yenyewe si mwisho. Bodi ya Usajili wa Wahandisi haimsajili mtu kuwa mhandisi mtaalamu kwa cheti peke yake. Tangu mwaka 2003 ipo programu ya kuwaweka wahitimu chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka mitatu, na huko hakuna skrini itakayomfichia mtu udhaifu wake. Na kama umbali ndio unaokutisha, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko jirani kuliko Dar es Salaam, na kimeanzisha ndaki katika mkoa wetu huu wa Rukwa. Ulizia kozi zilizopo kabla kijana hajajaza fomu.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na ng'ombe?"

Aliuza mmoja. Mkopo wa serikali ukasaidia sehemu, na kompyuta ikanunuliwa ya mtumba. Mwezi Desemba kijana alinipigia simu. Alisema kwenye meza ya maabara wako wanafunzi sita kwa kifaa kimoja, na yeye kwa kuwa ni mpole alikuwa hagusi. Akaanza kufanya jaribio usiku kwenye programu ya kuiga kabla ya siku ya maabara, mara tatu, mara nne, mpaka ajue kila waya unakwenda wapi. "Sasa, Ustadh," akasema, "nikifika mezani wananiachia mimi nianze."