Mwendo wa Mombasa Haukufika Kericho

Tulipoingia Kericho alasiri, mvua ilikuwa imekwisha kututangulia. Wenyeji hawaishangai. Katika nchi ya chai mvua ya alasiri yajulikana saa yake, na mwenye nguo za kuanika huzianua kabla. Mama mwenyeji wetu, aliyehama Mombasa mwaka uliopita kumfuata mumewe mfanyabiashara, alitupokea kwa chai ya maziwa na mahamri ya kwetu. Sebuleni, kando ya dirisha, palikuwa na mashine ya kukimbilia, ile ambayo vijana huiita tredmili. Juu ya vyuma vyake vya kushikia zilianikwa kanga mbili, suruali za wajukuu na mtandio mmoja.

Tulipomwuliza, alicheka kidogo, kisha akanyamaza. "Wanangu," akasema, "mashine hiyo ina uadui na mimi."

Mama huyu ana miaka 52. Ana kisukari na shinikizo la damu, maradhi mawili ambayo sasa ni nadra kuikuta nyumba ya pwani isiyoyajua. Alipokuwa Mombasa alikwenda ukumbi wa mazoezi wenye saa za wanawake peke yao, akitembea juu ya mashine kwa kasi ya 5, nusu saa kila mara, na sukari yake ikatulia. Kericho mambo yalibadilika. Njia ni za milima na matope, mvua haina subira, na mama mgeni hakujisikia huru kutembea peke yake katikati ya mashamba. Wanawe wakachanga, wakamnunulia mashine iliyokwisha kutumika. Naye, kwa kujihadhari, hakuanza na ile 5 aliyoizoea. Aliweka 4.

Kabla ya dakika saba kwisha, pumzi zilimpaa na moyo ukamgonga hadi masikioni. Akapumzika siku mbili, akajaribu tena. Ikawa vile vile. Mara ya tatu alishuka akakaa sakafuni. Daktari alimpima moyo akasema hauna kasoro, lakini habari ya mashine haikuulizwa, wala mama hakuitaja. Akaamua moyoni mwake kwamba uzee umefika. Kwa wiki kumi hakuigusa mashine ila kwa kuanika nguo. Sukari ikapanda tena, na binti yake anayeishi upande wa Bomet akatuambia faraghani kwamba mama ameanza kuzungumza habari za wasia.

Hilo la wasia ndilo lililotukosesha usingizi. Asubuhi yake, baada ya Alfajiri, tuliziondoa nguo, na mmoja wetu aliye kijana, ambaye hutembea kila jioni ufukweni Mama Ngina bila kuchoka, akapanda. Tulipofika kwenye 4 alikuwa hatembei tena; alikuwa nusu akikimbia. Tukatazamana.

Tulizima umeme, tukauzungusha ukanda kwa mkono na kuupima kwa uzi: duara lake zima lilikuwa mita 2.8. Tukatia alama ya chaki ukingoni, tukawasha, tukaweka 4, tukahesabu. Ile chaki ilipita mara 38 katika dakika moja. Zidisha mwenyewe, dada msomaji: ni mita 106 kwa dakika, yaani kilomita 6.4 kwa saa. Mashine ile ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, na tarakimu zake ni za maili. Maili moja ni kilomita 1.6. Mama aliyedhani amepunguza mwendo kutoka 5 hadi 4 alikuwa ameuongeza kwa zaidi ya robo.

Mashine nyingi zilizokwisha kutumika huja kwetu namna hiyo, na zile zilizochakaa kasi yake huweza kupotoka hata kama kioo chasema kilomita. Kipande cha chaki chatosha kuamua ugomvi huo.

Lakini maili si hadithi nzima. Hata tulipoiweka mashine kwenye kilomita 5 za kweli, mwendo wa Mombasa hasa, mama alihema kuliko alivyokuwa akihema nyumbani, na sisi pia. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa hupungua kwa kiasi cha sehemu moja katika tano, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo kuliko ile ya Kisauni au Lamu. Moyo hulipa deni hilo kwa kupiga upesi zaidi, hata kwa kazi ile ile. Mwili huanza kuzoea baada ya wiki chache, kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, na mtu asiyefanya mazoezi huchelewa kuliona badiliko hilo. Wala wenyeji wa huko wasitucheke: wakiteremka Mombasa mwezi wa Februari, joto na unyevu wa hewa huwafanyia vivyo hivyo, kwa maana moyo hulazimika kupeleka damu kwenye ngozi ili kuupoza mwili.

Basi mtu aujueje mwendo wake, ikiwa kioo kinaweza kudanganya na hewa nayo yabadilika?

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Tembea dakika tano au sita, kisha zungumza. Mwendo wa wastani, ambao ndio unaomfaa aliye wengi, humruhusu mtu kuzungumza sentensi nzima lakini haumruhusu kuimba. Akiweza kuimba kaswida kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika, mwendo ni mdogo. Akiwa hawezi kutaja maneno manne bila kuvuta pumzi, umezidi. Tulimwomba mama atusimulie, akiwa juu ya mashine, namna ya kupika biriani ya harusi. Kwa kilomita 6.4 alikwama kwenye kukaanga vitunguu. Kwa kilomita 4.5 alifika hadi kwenye zafarani, akitua hapa na pale kuvuta pumzi, na akapata nafasi ya kumlaumu mkwewe kwa kutia nyanya nyingi.

Kipimo cha pili ni mapigo ya moyo. Toa miaka yako katika 220; jibu ni makadirio ya upeo wa mapigo kwa dakika. Ni makadirio tu. Watu wa umri mmoja huweza kutofautiana kwa mapigo kumi au zaidi. Kwa mama wa miaka 52 upeo ni 168. Kazi ya wastani huwa kati ya asilimia 64 na 76 ya upeo, nayo kwake ni kati ya mapigo 108 na 128. Punguza kasi, simama juu ya kingo za mashine zisizozunguka, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Kwa mwendo wake wa zamani tulihesabu 36, yaani 144 kwa dakika. Hiyo ni kazi ya mkimbiaji mazoezini. Kwa kilomita 4.5 tulihesabu 29, yaani 116.

Mama alitazama kile kijikaratasi tulichoandikia, akauliza, "Kwa hiyo si moyo?" Tukamwambia, "La, mama, daktari alikwisha kukwambia si moyo. Ni hesabu." Hakujibu. Alikwenda jikoni, na tulimwacha kwa muda.

Hapa pana onyo ambalo tungependa lisomwe mara mbili. Wako wanaotumia dawa za shinikizo la damu kama atenolol au propranolol, ambazo kazi yake ni kuyazuia mapigo yasipande. Kwa hao hesabu ya 220 haifai. Mtu aweza kuwa amechoka kabisa na mapigo yakabaki 95. Wategemee pumzi, na hisia ya uzito wa kazi. Msomi wa Sweden, Gunnar Borg, aliipangia hisia hiyo ngazi zinazoanzia 6, yaani kutojisikia kufanya lolote, hadi 20, mwisho wa uwezo. Mwenye kuanza na atafute 11 hadi 13: yuko kazini, lakini ajua kwamba aweza kuendelea. Mwenye kisukari anayejidunga insulini au anayemeza glibenclamide apime sukari kabla ya kupanda, na awe na tende mkononi, kwa sababu mazoezi huishusha sukari na mara nyingine huishusha mno. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyorudi baada ya kupumzika ni dalili za kushuka na kutafuta daktari, si za kujikaza.

Kuhusu mwinuko, wengi wetu hukibonyeza kitufe kile bila kujua nguvu yake. Kwa mwendo ule ule wa kilomita 4.5, mwinuko wa asilimia 5 huongeza kazi ya mwili kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo anayetaka kuongeza uzito wa mazoezi bila kuyagonga magoti kwa kukimbia aongeze mwinuko, moja baada ya moja, na kasi aiache palepale. Lakini asibadilishe yote mawili siku moja. Tena asining'inie kwenye vyuma: anayejiegemeza kwa mikono ameipa mashine sehemu ya kazi yake, na zile kalori zinazotajwa kiooni hazijui kwamba ameegemea.

Mavazi nayo. Tumewaona akina mama wakipanda kwa buibui refu na kandambili kwa sababu huenda mgeni wa kiume akabisha hodi. Upindo ukinaswa na ukanda hakuna atakayewahi kitufe. Suruali pana, kanzu fupi ya magotini, viatu vya kufunga, na mtandio uliobanwa vyatosha kwa stara na kwa usalama. Na ile kamba ndogo ya kuzimia mashine ifungwe nguoni, si iachwe ikining'inia. Mazoezi yakiisha, ufunguo uwekwe mbali na watoto, kwa kuwa ukanda unaokwenda huchubua ngozi ya kitoto kama moto.

Siku ya tatu tulikwenda kumsalimu binti yule, tukipita Litein na Kapkatet hadi Kaplong, kisha tukaelekea Bomet. Kote njiani tuliwaona wachumaji wa chai, wake kwa waume, wakipanda na kuteremka miteremko kwa vikapu mgongoni, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, tangu asubuhi. Hawakuwa na haraka. Chai hiyo huja kwetu kuuzwa, kwa kuwa mnada wake uko Mombasa tangu mwaka 1969, lakini mwendo ule haukuwahi kuja nayo. Ni mwendo wa mtu ajuaye kwamba siku bado ndefu. Tuliona haya kidogo, sisi tuliokuja na saa za mkononi za kuhesabu hatua, na hatuoni sababu ya kuificha.

Kericho ndiyo iliyomtoa Wilson Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki: shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, kisha fedha huko Mexico mwaka 1968. Na wakimbiaji wa nyanda hizi, wageni waliokuja kufanya mazoezi nao wamesimulia mara nyingi, huwa na siku za kukimbia polepole mno, polepole hata mgeni akadhani anafanyiwa mzaha. Wanazo siku za kujikaza na siku za kujiachia, nao hawazichanganyi.

Mama wa makamo anayeanza hana haja ya siku za kujikaza bado. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kazi ya wastani kwa wiki, na dakika hizo zaweza kukatwa vipande. Mama yetu tulimpangia dakika kumi baada ya chakula cha asubuhi na kumi baada ya cha mchana, maana kutembea baada ya kula husaidia kuizuia sukari isipande. Kila wiki aongeze dakika chache kabla ya kufikiria kuongeza kasi. Mwezi wa Ramadhani ahamishie baada ya futari, na siku ambazo tarawehe imemchosha asijidai. Lakini hilo alipange na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, pamoja na dawa.

Tulipoondoka, mjukuu wake alikuwa amebandika karatasi chini ya kioo cha mashine, kwa kalamu nyekundu: 2.8 YA HAPA NI 4.5 YA KWELI. Wiki sita baadaye mama alitupigia simu. Alikuwa amefika dakika 30, siku tano kwa wiki, na ile 4.5 ilikuwa imeanza kumruhusu kuimba, kwa hiyo akataka kujua kama ni halali kwenda 4.8. Sukari ya asubuhi ilikuwa imeshuka, na karatasi ya vipimo angempelekea daktari Jumatatu, safari hii pamoja na habari ya mashine. Tukamwuliza nguo sasa anaanika wapi.

"Jikoni," akasema. "Zinanuka moshi, lakini zinakauka."