Fundi wa Hadubini Naye ni Mtumishi wa Afya

Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 ilituachia somo kubwa: kila anayezuia maradhi ni mtumishi wa afya, hata kama havai koti jeupe. Leo safu hii inamkumbuka mtumishi ambaye hatajwi majukwaani, naye ni fundi anayesafiri kutengeneza vyombo vya maabara.

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa Chiungutwa, wilayani Masasi. Fundi atokaye Dar es Salaam huvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, akapita Ndanda hadi mjini Masasi, safari ya zaidi ya kilometa 500, ndipo aingie njia ya vijijini. Mara nyingi ubovu unaomngoja fundi wa namna hii ni mdogo: lenzi iliyoota ukungu kwa unyevu wa masika, mafuta yaliyogandia kwa kutofutwa, au balbu iliyounguzwa na umeme unaopanda na kushuka.

Ubovu ni mdogo, madhara si madogo. Kimelea cha malaria hutafutwa ndani ya damu kwa kukuzwa mara 1,000. Lenzi ikififia, mpimaji huandika "hakuna", na mtoto akarudishwa nyumbani na homa yake. Au huona uchafu akaudhani kimelea, na mtu akanyweshwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, huku ugonjwa wake wa kweli ukiendelea kumla.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kuna vipimo vya haraka. Ni kweli, na tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limehimiza kila mwenye dalili za malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Lakini vipimo hivyo havihesabu vimelea, wala havimwonyeshi daktari kama vinapungua baada ya dawa. Kazi hiyo bado ni ya hadubini.

Nasi wa visiwani tusidhani jambo hili ni la watu wa bara peke yao. Unyevu unaoharibu lenzi kule, huku kwetu umeongezewa chumvi ya bahari. Maabara ya Afya ya Jamii iliyofunguliwa Pemba mwaka 2000 ni fahari yetu. Nayo, sawa na chumba cha maabara cha kijijini, haiwezi kudumu bila mkono wa fundi.

Kosa letu ni kushangilia chombo siku ya kukipokea, kisha tukakisahau. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wanaohusika wazingatie mambo matatu. Kwanza, kila chombo kinaponunuliwa au kupokewa, fungu la matengenezo na vipuri litengwe siku hiyo hiyo. Pili, kila mkoa uwe na fundi wake, mwenye usafiri na posho ya kumfikisha vijijini. Tatu, wapimaji wafundishwe utunzaji wa kila siku: kufuta mafuta jioni, kukifunika chombo, na kukiweka pakavu.

Vyombo hivi ni amana ya wananchi mikononi mwetu, na mwenye kupewa amana ataulizwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta wenyewe ni uhai wa mtu.