Clara Brown, Dobi wa Machimbo ya Dhahabu

Mtu asikiapo habari za machimbo ya dhahabu humfikiri mara moja mwanamume mwenye sururu begani, aliyelala maskini akaamka tajiri. Watu wa namna hiyo walikuwako, ila walikuwa wachache sana. Katika milima ya Colorado, nchini Marekani, mmoja wa watu waliofanikiwa hakuwa mchimbaji kabisa. Alikuwa mwanamke mweusi mwenye umri wa karibu miaka 60, aliyezaliwa mtumwa, na kazi yake ilikuwa udobi. Jina lake Bibi Clara Brown.

Bibi huyo alizaliwa Virginia yapata mwaka 1800, akachukuliwa na bwana wake mpaka Kentucky. Huko aliolewa akazaa watoto wanne, na mmoja wao alikufa maji akali mdogo. Mwaka 1835 bwana wake alifariki, na mali yake ikanadiwa. Watumwa walihesabiwa pamoja na mali hiyo. Hivyo Clara aliuzwa kwa mtu huyu, mumewe kwa yule, na watoto kila mmoja kwake. Binti yake Eliza Jane, aliyekuwa na umri wa miaka kumi hivi, alichukuliwa mbele ya macho yake. Tangu siku ile mama huyo alikuwa na haja moja tu duniani, nayo ni kumwona tena mtoto huyo.

SAFARI YA MAGHARIBI

Katika miaka ya 1850 Clara alipata uhuru wake. Sheria ya Kentucky wakati ule ilimtaka mtumwa aliyeachwa huru aihame nchi hiyo, basi akaenda magharibi mpaka Leavenworth, Kansas. Mwaka 1858 ulienea uvumi wa dhahabu iliyoonekana karibu na milima ya Colorado, na mwaka 1859 maelfu ya watu walianza kumiminika huko. Clara alifikiri kuwa huenda bintiye naye amekwenda upande huo. Alijiajiri kuwa mpishi wa msafara wa magari ya kukokotwa na ng'ombe, akavuka nyika yenye urefu wa maili zaidi ya 600. Yasimuliwa kuwa sehemu kubwa ya safari hiyo aliikwenda kwa miguu.

MAISHA YA MACHIMBONI

Mwezi wa Mei, 1859, mtu mmoja aitwaye John Gregory aligundua dhahabu ndani ya mwamba, katika bonde ambamo baadaye ulisimama mji wa Central City. Mara bonde lote lilijaa mahema na vibanda vya magogo. Wanaume walisimama katika maji ya baridi kutwa nzima, wakichota mchanga kwa karai na kuuzungusha, hata mchanga mwepesi ukatoka na dhahabu iliyo nzito ikabaki chini. Unga, misumari na nguo vililetwa kwa magari ya ng'ombe kutoka mbali, kwa hiyo bei zilikuwa kali. Wengi waliishiwa na fedha kabla ya kuona hata punje moja ya dhahabu, wakarudi kwao mikono mitupu.

Clara alitazama mambo hayo akafahamu jambo moja: dhahabu huweza kukosekana, lakini shati huchafuka kila siku. Alifungua nyumba ya udobi, akatoza, kama isimuliwavyo, senti 50 kwa shati moja. Aliuguza wagonjwa, akazalisha wanawake, na nyumba yake ilitumika kwa ibada kabla kanisa halijajengwa. Mchimbaji asiye na chakula alipewa, kwa makubaliano ya kugawana naye dhahabu itakayopatikana. Watu wote walimwita Shangazi Clara. Haba na haba alinunua nyumba na viwanja, na yasemwa kuwa akiba yake ilifika dola 10,000.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 na utumwa ukakomeshwa, alirudi Kentucky kumtafuta Eliza Jane. Hakumpata. Lakini hakurudi peke yake, kwani alikuta watu walioachwa huru wasio na kazi wala makao, na baadhi yao walikuwa jamaa zake. Aliwalipia nauli mpaka Colorado na kuwasaidia kupata kazi. Mwaka 1879 alikwenda Kansas kuwasaidia weusi wengine waliohama kutoka kusini. Sadaka hizo, pamoja na mafuriko na moto vilivyoharibu mali yake, vilimaliza akiba yake karibu yote.

Mwaka 1882, alipokuwa mzee asiye na kitu, ilimfikia barua ya kwamba Eliza Jane yu hai katika mji wa Council Bluffs, Iowa. Alipanda gari la moshi akaenda. Yasimuliwa kuwa walipoonana njiani walikumbatiana kwa nguvu hata wakaanguka wote wawili matopeni. Ilikuwa imepita miaka 47.

Bibi Clara alifariki Denver mwaka 1885. Chama cha wakazi wa kwanza wa Colorado, ambacho mwanzoni kilikuwa cha wanaume weupe tu, kilikuwa kimekwisha kumwingiza katika wanachama wake, nacho kilimzika kwa heshima. Maelfu waliivuka nyika ile wakitafuta dhahabu. Yeye aliivuka akimtafuta mtoto wake, na dhahabu aliyolipwa kwa kufua mashati ilimwezesha kumtafuta hata mwisho.